Waliohesabu karata na namna dau lilivyowafichua

BUKAVU – Katika vibanda vya pari, kuanzia Kadutu hadi Essence, kuna shauri moja ambalo vijana hupeana bure: ukipoteza, ongeza dau mara mbili, siku moja utashinda na utarudisha yote. Anayesita huambiwa kwamba huko Marekani wapo watu waliotajirika kwa kujua tu wakati wa kuweka dau dogo na wakati wa kuweka dau kubwa, mpaka kazino zikawafukuza. Maneno hayo ya pili ni ya kweli. Watu hao walikuwepo, majina yao yanajulikana, na kazino ziliwafukuza kweli. Lakini walichokifanya ni kinyume kabisa cha lile shauri la kwanza, na ndiyo maana habari yao inafaa kusimuliwa yote. Tangu Februari 2025, M23 ilipouchukua mji na mabenki yakafunga milango, pesa za familia nyingi, za wenyeji na za wahami, hufika kidogo kidogo kwa njia ya simu, na simu hiyohiyo ndiyo yenye mchezo wa pari ndani yake.

Mchezo uliowaletea watu hao sifa ni karata za ishirini na moja. Wafaransa huuita vingt-et-un, Wamarekani huuita blackjack. Ni wa zamani: Mhispania Cervantes aliutaja katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1613. Mchezaji anashindana na mgawaji wa kazino, si na wenzake waliokaa mezani. Kila upande unatafuta kufika 21, au karibu nayo, bila kuipita. Mfalme, malkia na valeti huhesabiwa 10, na asi huhesabiwa 1 au 11. Anayepata asi na karata ya 10 kwa mkono wa kwanza hulipwa zaidi: kwa kila dola 2 alizoweka anapewa 3. Mchezaji anaweza kusimama akitaka. Mgawaji hana hiari hiyo, ni lazima avute mpaka afikishe 17. Nguvu ya nyumba inatoka mahali pamoja: mchezaji ndiye anayevuta kwanza, na akipita 21 dau lake linachukuliwa papo hapo, hata kama mgawaji naye atapita baadaye.

Tofauti kati ya mchezo huu na gurudumu la ruleti, au dadu, au mashine ya kubonyeza, ni moja. Karata iliyokwisha kutoka hairudi mpaka pakiti ichangwe upya. Asi 4 zikiisha kutoka katika pakiti moja, hakuna mtu atakayepata asi nyingine katika mikono inayofuata, hata aombe vipi. Kwa maneno mengine, mchezo una kumbukumbu. Dadu halina. Dadu lililotoa sita mara tano mfululizo halijui kwamba limetoa sita, na mara ya sita litatupwa kama jipya.

Basi karata kubwa zikibaki nyingi ndani ya pakiti, mchezaji ndiye mwenye faida. Mikono ya asi na 10 inaongezeka, na mgawaji anayelazimika kuvuta akiwa na 15 au 16 anapita mara nyingi zaidi. Karata ndogo zikibaki nyingi, nyumba inafaidi. Wacheza karata wa zamani walilihisi jambo hilo bila kulipima.

Wa kwanza kulipima walikuwa askari 4 wa jeshi la Marekani katika kambi ya Aberdeen, jimbo la Maryland: Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott. Walitumia mashine za kujumlisha za mezani, wakafanya hesabu hizo kwa muda mrefu, na Septemba 1956 wakachapisha matokeo yao katika jarida la chama cha wanatakwimu wa Marekani. Walionyesha kwamba mtu akijua vizuri lini avute na lini asimame, hupoteza chini ya dola 1 kwa kila dola 100 anazoweka. Bado ni kupoteza, lakini ni kidogo kuliko mchezo wowote mwingine uliokuwa ndani ya kazino.

Makala hiyo ilimfikia mwalimu mmoja kijana wa hisabati, Edward Thorp, aliyezaliwa mwaka 1932. Aliijaribu Las Vegas akiwa na kijikaratasi mkononi na akapoteza dola chache. Alipohamia chuo cha MIT, karibu na Boston, alipata ruhusa ya kutumia kompyuta ya IBM 704, chombo kikubwa cha kujaza chumba, na akaiuliza swali ambalo askari wale hawakuwa na mashine ya kulijibu: itakuwaje kama karata fulani zimekwisha kutoka? Jibu liliwashangaza watu. Karata 4 za tano peke yake zikiisha kutoka, faida inahama kutoka kwa nyumba kwenda kwa mchezaji, na inafika takriban dola 3 kwa kila 100. Januari 1961 Thorp alichapisha ugunduzi huo, na mwaka 1962 akautoa kwa watu wote katika kitabu chake, Beat the Dealer.

Kabla ya kitabu, alitaka kuona kama hesabu ya karatasini inatembea mezani. Matajiri wawili wapenda kamari walikuwa tayari kumpa dola 100,000. Yeye akasema 10,000 zinatosha. Mwaka 1961 walikwenda Reno, jimboni Nevada. Thorp hakuanza na fedha kubwa. Alianza na dola 1 hadi 10, mpaka matajiri wake wakakasirika kwa uvivu wake, kisha akapanda hatua kwa hatua kadiri alivyozoea. Walirudi na faida ya dola 11,000. Lakini tayari katika safari hiyo wasimamizi wa meza walianza kuamuru karata zichangwe kila mara alipopandisha dau. Hawakujua hesabu yake, ila macho waliyokuwa nayo yaliwatosha.

Hapo ndipo kiini cha jambo lenyewe. Kuhesabu si kazi ya maajabu. Njia iliyoenea zaidi, ambayo Harvey Dubner aliieleza mwaka 1963, inaweza kufundishwa mezani jikoni kwa alasiri moja: kila karata kuanzia 2 hadi 6 inayotoka, ongeza 1, 7, 8 na 9 ziache, kila 10, kila picha na kila asi, toa 1. Jumla ikipanda, maana yake ndogo zimetoka na kubwa zimebaki. Kama kazino inatumia pakiti nyingi kwa pamoja, jumla hiyo inagawanywa kwa idadi ya pakiti zilizobaki. Basi. Lakini kujua tu hakuleti hata senti. Nyakati nyingi nyumba ndiyo yenye faida, na nyakati nzuri za mchezaji ni chache na fupi. Faida inapatikana kwa kuweka dau dogo kabisa katika mikono mibaya na dau kubwa, labda mara 8 au mara 12, katika hiyo michache iliyo mizuri. Anayeweka dau lilelile mwanzo hadi mwisho, hata ahesabu kama kompyuta, kwa kawaida atapoteza pole pole kama wengine.

Na dau kubwa hilo liwe kiasi gani? Thorp alilichukua jibu kwa John Kelly, mtaalamu wa maabara ya Bell, aliyeandika mwaka 1956 kwamba dau lifuate ukubwa wa faida. Ukiwa na faida ya 1 kwa 100, usiweke zaidi ya takriban sehemu 1 kati ya 100 za mfuko wako wote. Mwenye dola 1,000 aweke 10 au chini yake. Huyo ni mtu anayejua, kwa hesabu iliyothibitishwa na kompyuta, kwamba mkono unaokuja unampendelea. Na bado anaogopa kuweka zaidi, kwa sababu mkono mmoja mzuri unaweza kupotea, na kumi mfululizo pia.

Ulinganishe na shauri la kibandani. Kijana anaanza na franka 500. Anapoteza, anaweka 1,000, halafu 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000. Akipoteza mara 8 ameacha kibandani franka 127,500, na kama angeshinda mara ya nane faida yake ingekuwa franka 500 zilezile za mwanzo. Hata katika mchezo wa haki kabisa, wa nusu kwa nusu, kupoteza mara 8 mfululizo hutokea mara 1 katika kila majaribio 256, na kwa anayecheza kila jioni siku hiyo haiko mbali. Wahesabuji walipandisha dau kwa sababu ya karata zilizobaki mbele. Anayezidisha baada ya kupoteza anapandisha kwa sababu ya pesa zilizokwisha kwenda, na pesa zilizokwisha kwenda hazimwambii chochote kuhusu mkono unaokuja.

Kazino za Nevada zilikisoma kitabu cha Thorp na zikaogopa. Tarehe 1 Aprili 1964 kazino za Las Vegas zilitangaza kanuni mpya, kali zaidi kwa mchezaji. Wateja wakapungua mezani, wagawaji wakalalamika kwamba bakshishi zimekauka, na baada ya wiki chache kanuni za zamani zikarudi. Wenye kazino wakaja kugundua jambo la kuwafurahisha: kitabu kile kiliwaletea pesa. Maelfu walikisoma, wakaamini kwamba wamekuwa wahesabuji, wakaja Las Vegas na mishahara yao, na wengi wao hawakuwa na subira wala mfuko wa kutosha. Kitabu kilichofundisha namna ya kuishinda nyumba kikawa tangazo la nyumba. Wauzaji wa "utabiri wa uhakika" wanaozunguka katika simu za watu leo wanakula kwenye sahani ileile, isipokuwa Thorp alisema kweli.

Kwa wale wachache waliojua kweli, kazino zilichagua njia nyingine: kuwatambua na kuwatoa. Mwaka 1967 ilianzishwa Las Vegas kampuni ya upelelezi ya Griffin, iliyouzia kazino kitabu cha picha za walaghai, na ndani yake picha za wahesabuji zikawekwa pamoja na za wezi. Kuhesabu kwa kichwa hakukuwa kosa la jinai wakati huo, wala si kosa Nevada leo. Kilichokatazwa na sheria ya jimbo hilo mwaka 1985 ni kutumia chombo cha kuhesabia. Lakini kazino ya Nevada inaweza kumwambia mtu aondoke, kama mwenye duka anavyoweza kumkataa mteja. Mara nyingi mhesabuji aliyegunduliwa huambiwa kwa adabu kwamba meza ya blackjack imefungwa kwake, ila anakaribishwa kwenye michezo mingine yote: ruleti, dadu, mashine. Yaani ile isiyo na kumbukumbu.

Wasimamizi hawakuweza kusoma kilichomo kichwani mwa mtu. Waliweza kuona jetoni. Juu ya dari za kazino za zamani kulikuwa na njia za kupitia watu, na vioo vinavyoona upande mmoja. Baadaye zikaja kamera. Mlinzi wa juu alihesabu karata naye, akalinganisha: hesabu ikipanda, je, dau la yule bwana mwenye miwani linapanda? Ikishuka, linashuka? Kulikuwa na mtego rahisi zaidi: kuamuru karata zichangwe ghafla mtu anapoweka dau kubwa. Mcheza kamari wa kawaida hajali. Mhesabuji hurudisha mkono wake, kwa kuwa pakiti iliyochangwa upya imefuta kila alichokijua.

Kwa hiyo wahesabuji wakajifunza kuigiza. Ian Andersen, jina la kujificha la mchezaji mmoja, aliandika juu ya sanaa hiyo mwaka 1976. Mtu hapandishi dau ovyo. Anangoja ashinde, kisha anaacha jetoni za ushindi juu ya dau la kwanza, kama wafanyavyo watu wote wanaoamini kwamba bahati imewashukia. Hashushi dau mara baada ya kushinda mkono mkubwa. Ananyanyuka aende msalani, na akirudi karata zimechangwa. Anaanza pakiti mpya kwa dau la kati, si dogo kabisa, ili kupanda kwake kusiwe kama ngazi. Anaongea na mgawaji, anatoa bakshishi, anashika glasi asiyoinywa. Hakai saa nzima mahali pamoja. Mara moja moja anacheza mkono kwa ujinga makusudi, palipo na macho.

Kila igizo hilo linalipiwa. Faida ya mhesabuji hodari ni dola 1 hivi, mara chache 1 na nusu, kwa kila 100. Dau la kati katika wakati mbaya linaila. Mkono wa ujinga unaila. Wapo waliojificha vizuri hata wakawa hawatofautiani tena na walioliwa. Thorp mwenyewe alifuga ndevu na kubadilisha miwani, akapata kucheza kidogo zaidi, kisha akachoka. Mwaka 1969 alianzisha mfuko wa uwekezaji na akapeleka hesabu zake kwenye soko la hisa.

Aliyetatua tatizo hilo alikuwa Al Francesco wa California, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inavyosimuliwa, siku moja alikaa karibu na ndugu yake aliyekuwa akihesabu na kuweka madau madogo. Kila ndugu yake alipoongeza dola chache, Francesco alitupa dau kubwa, huku akipiga soga na kutazama pembeni. Msimamizi alimkodolea macho asielewe: huyu mtu hatazami karata hata moja, atakuwaje mhesabuji? Francesco akaondoka na wazo. Kama dau linalobadilika ndilo linalomfichua mtu, basi dau la mtu mmoja lisibadilike kamwe. Aliwasambaza watu kwenye meza mbalimbali, kila mmoja akihesabu na kuweka dau dogo lilelile, saa baada ya saa, kama mfanyakazi wa kawaida anayepoteza muda. Hesabu ya meza fulani ikipanda, mhesabuji alitoa ishara ndogo ya mkono. Hapo akatokea mwingine, aliyevaa kitajiri, akaweka dau kubwa mikono michache, kisha akahamia meza nyingine iliyoita. Mdogo aliweka madogo daima. Mkubwa aliweka makubwa daima. Mlinzi wa dari hakuwa na chochote cha kulinganisha.

Miongoni mwa walioandikishwa na Francesco alikuwa Ken Uston, mtoto wa baba Mjapani na mama wa Austria, aliyekuwa na cheo kikubwa katika soko la hisa la San Francisco. Aliacha kazi hiyo kwa ajili ya meza. Alikuwa hodari, mwenye maneno mengi, mpenda kuonekana, na hiyo ya mwisho ni sifa mbaya kwa kazi ya kujificha. Mwaka 1977 alitoa kitabu, The Big Player, kilichoeleza mbinu yote. Francesco aliona amesalitiwa. Kazino sasa zilijua cha kutafuta, na timu yake ikafikia mwisho. Ni vigumu kumsifu Uston kwa jambo hilo. Siri haikuwa yake peke yake.

Lakini jambo lake la pili ni la kukumbukwa. Kazino ya kwanza halali ya Atlantic City, Resorts International, ilifunguliwa Mei 1978. Januari 1979 timu ya Uston ilishinda hapo dola 145,000 kwa siku 9, na kabla ya mwezi kuisha akapigwa marufuku. Badala ya kutafuta ndevu nyingine za bandia, alikwenda mahakamani. Tarehe 5 Mei 1982 Mahakama Kuu ya jimbo la New Jersey iliamua kwamba kazino haina mamlaka ya kumfukuza mtu kwa sababu tu anacheza vizuri. Kanuni za mchezo ziko mikononi mwa tume ya serikali, na tume haikuwa imeweka kanuni ya namna hiyo. Uston alishinda. Kazino zikajibu bila kumgusa: pakiti nyingi zaidi mezani, kuchanga mapema zaidi, mipaka ya dau. Mlango ukabaki wazi, na ndani hapakubaki kitu kikubwa cha kuchukua. Uston alifariki Paris mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 52.

Timu ziliendelea baada yake. Iliyo maarufu ni ya wanafunzi na wahitimu wa MIT, ambayo Bill Kaplan aliipanga kama kampuni Agosti 1980 kwa mtaji wa dola 89,000, ukaongezeka zaidi ya maradufu katika wiki 10. Mwanachama wa AVEC hapa Kivu Kusini angeielewa mara moja: kulikuwa na hisa, daftari, na mgawo mwishoni mwa kipindi. Hakuna aliyeruhusiwa kushika pesa za timu kabla ya kupita mtihani wa kuhesabu bila kosa, katikati ya kelele. Lakini AVEC ina sanduku la kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu. Timu ya karata haina. Mtu anatoka Boston na maelfu ya dola mwilini, anarudi na kusema nimepoteza, na wenzake hawana shahidi. Katika miaka ya 1990 wapelelezi wa Griffin waligundua kwamba wengi wa vijana hao walitoka sehemu moja, wakaanza kuwatafuta katika vitabu vya picha vya chuo.

Na kulikuwa na timu ya watu wa kanisa. Katika miaka ya 2000, huko Seattle, Wakristo kadhaa, baadhi yao viongozi katika makanisa yao, waliunda timu ya kuhesabu karata. Filamu ya mwaka 2011, Holy Rollers, inaeleza habari zao. Walijitetea kwamba hawachezi bahati nasibu, wanafanya hesabu, na kwamba pesa wanazichukua kwa kazino, si kwa maskini. Hoja hiyo ina udhaifu ambao mtu wa Kadutu hahitaji kuelezwa: pesa zilizomo ndani ya kazino ziliwekwa na nani?

Kampuni ya Griffin ilifilisika mwaka 2005, baada ya mhesabuji James Grosjean na mwenzake kuishtaki na kushinda kwa kuandikwa kama walaghai. Kwa wakati huo haikuhitajika sana tena. Kazino nyingi zilikuwa zimeleta mashine zinazochanga karata bila kusimama, kila karata iliyotumika ikirudishwa ndani mara moja, na meza ambazo asi na 10 hulipwa dola 6 kwa kila 5 badala ya 3 kwa kila 2. Badiliko hilo dogo la malipo linamgharimu mchezaji zaidi ya kile ambacho wahesabuji wengi waliweza kukipata.

Mashine inayochanga bila kusimama ni ndugu wa mchezo ulio ndani ya simu. Humo hakuna pakiti inayopungua. Kila mzunguko, kila mbio za bandia, kila mpira wa kompyuta, unachaguliwa upya na programu, na sehemu ya nyumba imeshakatwa kabla mchezaji hajagusa kioo. Dau la franka 500 na dau la franka 64,000 hukatwa sehemu ileile. Katika pari za mpira wa kweli, mtu anaweza kuijua timu kuliko anayepanga bei, lakini Uingereza na kwingineko kampuni za pari hufanya kama Nevada: akaunti inayoshinda kwa muda mrefu huwekewa kikomo, ikawa haikubali tena ila dau la senti, na inayopoteza hutumiwa zawadi ili irudi. Mitaani Bukavu hakuna anayesikika akilalamika kwamba kibanda kimemwekea kikomo. Malalamiko yanayosikika ni ya mama aliyetumiwa dola 50 za chakula na ndugu yake, akazikuta 12 kwa kijana aliyemtuma kuzitoa.